Beni-Butembo: Sisimizi wa juu ya miti, kila mmoja na ukoo wake

Katika mashamba ya kakao ya teritwari ya Beni, kuanzia upande wa Mangina mpaka chini ya Ruwenzori kule Mutwanga, mvunaji hajifunzi mara mbili kutazama juu kabla ya kukata tunda. Mti mmoja ni kimya. Mti wa jirani, wenye umri ule ule na kivuli kile kile, unamwaga sisimizi kwenye shingo na ndani ya shati mpaka mtu anatupa panga chini na kukimbia. Wengi wetu tunawaita wote kwa jina moja, siafu, na dawa yao ni moja pia: moto kwenye kiota au pampu ya mgongoni.

Jina hilo si sahihi, na kwa mkulima kosa hilo lina bei. Siafu wa kweli ni wale wanaotembea chini kwa misafara mirefu na hawana nyumba ya kudumu. Hawa wa juu ya mti ni watu wengine kabisa. Tena wao kwa wao si kundi moja. Kuna wanaokula wadudu wanaoharibu kakao, kuna wanaofuga wadudu hao kama ng'ombe, na kuna wasiohusika na chochote, wanaojikalia ndani ya kijiti kikavu. Anayewaua wote pamoja anaua mlinzi na mwizi kwa pigo moja. Swali la nani ni nani, ambalo linaonekana kama mchezo wa maprofesa, limewachukua wataalamu zaidi ya miaka 150, na sehemu ya kazi hiyo imepita hapa hapa kwetu.

Tuanze na mkanganyiko wa kwanza, maana ni wa lugha. Kwa Kiswahili mchwa anayekula mbao za nyumba na sisimizi anayetafuta sukari mezani mara nyingi wanawekwa kwenye mfuko mmoja. Lakini mchwa, pamoja na kumbikumbi tunaowakaanga mvua ikinyesha, ni ndugu wa mende. Sisimizi ni ndugu wa nyuki na nyigu. Alama ya haraka ni kiuno: sisimizi ana kiuno chembamba chenye nundu moja au mbili kati ya kifua na tumbo, na mchwa ameungana moja kwa moja kama kipande cha muhogo. Ile nundu ndogo, ambayo huioni bila kioo cha kukuza, ndiyo kitambulisho cha kwanza ambacho mtaalamu anakitafuta. Kisha anahesabu viungo vya papasi, anatazama macho yamekaa wapi kichwani, miiba ya mgongo, mwiba wa kudunga kama upo au haupo. Rangi anaiweka mwisho, na ana sababu zake, tutaziona.

Sasa, je, “sisimizi wa mitini” ni ukoo? Hapana. Kupanda mtini na kubaki huko ni desturi ambayo koo nyingi tofauti zimeifikia kila moja kwa njia yake. Ni kama kusema “watu wa Butembo”: wamekuja kutoka milima mbalimbali, wana mababu tofauti, na kinachowaunganisha ni soko. Majimoto, yule mfumaji wa majani, yuko familia ndogo moja na sisimizi wakubwa weusi wa nyumbani. Yule mwenye tumbo la umbo la moyo yuko familia ndogo nyingine. Yule mwembamba mwenye macho makubwa yuko ya tatu. Kwa hiyo anayetaka kuwapanga lazima kwanza avunje kundi, ndipo ajenge makundi ya kweli, yale ya damu.

Na kwa mambo ya kuvunja na kujenga upya, eneo la Beni lina mfano ambao dunia nzima inaujua, ingawa si wa mdudu. Mwaka 1900 Harry Johnston, Mwingereza aliyekuwa akitawala Uganda, alifika kwenye ngome ya Wabelgiji ya Mbeni, ambayo ndiyo Beni, akiuliza habari za mnyama wa msituni ambaye Wambuti walimjua vizuri. Alipata vipande vya ngozi yenye mistari, akavituma London. Huko, kwa kutazama mistari tu, wakamwita Equus johnstoni mwaka 1901, yaani wakamweka jamii moja na farasi na punda milia. Halafu kutoka ngome hiyo hiyo zikaja ngozi nzima na mafuvu mawili. Mafuvu yakasema mambo mengine: huyu ni ndugu wa twiga. Mwaka huo huo akapewa jenasi yake mwenyewe, Okapia. Mistari ilidanganya, mifupa ikasema kweli. Wambuti, kwa upande wao, hawakuwa wamemwita farasi hata siku moja.

Yaliyompata okapi kwa miezi michache, sisimizi wetu wameyaishi kwa zaidi ya karne.

Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Wajerumani chini ya Adolf Friedrich, mtemi wa Mecklenburg, ulivuka kutoka upande wa Ziwa Viktoria, ukapita Rwanda na Kivu, ukafika Beni na kuingia msitu wa Ituri. Walikusanya kila kitu, hata sisimizi, na mwaka 1911 Hermann Stitz wa makumbusho ya Berlin alitoa maandishi juu yao. Kisha wakaja Wamarekani. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na kijana James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo kwa ajili ya makumbusho ya New York. Walikuwa wakitafuta okapi na vifaru weupe, lakini walirudi pia na maelfu ya sisimizi. Wengine waliokotwa mmoja mmoja mitini. Wengine, na hili ni jambo ambalo huwa linanifurahisha, walitolewa ndani ya matumbo ya vyura. Chura ni mkusanyaji mzuri: hachagui, anakula usiku wakati mtaalamu amelala, na ukimpasua unakuta orodha ya sisimizi wa mahali hapo.

Mzigo huo alipewa William Morton Wheeler, aliyekuwa bingwa wa sisimizi Marekani. Mwaka 1922 alitoa kitabu juu ya sisimizi wa msafara wa Kongo, zaidi ya kurasa 1,000, ambacho hata leo anayefanya kazi hii hawezi kukiruka. Aliyemsaidia ni Joseph Bequaert, Mbelgiji aliyekuja Kongo mwaka 1910 kwa kazi ya ugonjwa wa malale. Bequaert alipita pande hizi zetu mwaka 1914 na kupanda mabonde ya Ruwenzori. Sehemu aliyoiandika ndani ya kitabu hicho, juu ya urafiki wa sisimizi na mimea, ndiyo inayosomeka kwa utamu zaidi, kwa sababu yeye alikuwa ameona miti yenyewe na kudungwa na wenye nyumba. Wheeler alikuwa na chupa tu mezani.

Mti aliousoma kwa makini unaitwa Barteria fistulosa. Uko katika misitu kutoka Nigeria kuja mpaka kwetu. Ni ndugu wa marakuja, yale yale ambayo wakulima wa milima ya Lubero wanaleta Butembo kwa mifuko, ingawa ukiutazama huwezi kuamini. Matawi yake yanatoka pembeni yamelala sawasawa, na ndani yana uwazi kama bomba. Ndani ya bomba anakaa sisimizi mweusi, mrefu, anayeitwa leo Tetraponera aethiops. Malkia anatoboa tundu, anaingia, anazaa, na baada ya muda mti mzima ni wa ukoo mmoja. Wafanyakazi wanatembea juu ya majani usiku na mchana, wanatupa chini mayai ya wadudu, wanakata ncha ya mmea wowote unaotambaa na kugusa mti wao. Chini ya Barteria mara nyingi pako wazi kama pamefagiliwa. Mtu akiegemea shina, wanashuka. Mwaka 1972 Mmarekani Daniel Janzen, aliyeusoma mti huu Nigeria, aliandika kwamba silaha hii haikutengenezwa kwa ajili ya viwavi peke yao. Mwiba mkali namna hiyo, ambao maumivu yake yanaweza kukaa siku mbili tatu, ni wa kufukuza wanyama wakubwa wanaokula majani, tembo wakiwemo.

Huyu mkazi wa Barteria ndiye anayeonyesha vizuri ugumu wa kupanga. Frederick Smith wa London alimpa jina mwaka 1877, akamweka katika jenasi Tetraponera, pamoja na wale wembamba wanaokimbia peke yao kwenye vijiti vikavu. Halafu mwaka 1912 Mwitaliano Carlo Emery akaona kwamba yeye na ndugu yake latifrons, anayekaa kwenye mti huo huo, wamezidi kwa ukubwa na umbo. Akawatengea kundi lao, Pachysima. Wheeler akakubali, tena akaongeza: sisimizi mwingine anayekaa ndani ya mtambaa mmoja wa jamii ya Vitex akampa jenasi yake peke yake, Viticicola. Zikawa jenasi tatu. Kila moja ilionekana ina haki yake, maana aliyezoea kukaa ndani ya mti hai anabadilika kweli: anakuwa mnene, macho na kichwa vinabadilika, tabia inakuwa ya ukali.

Mwaka 1990 Philip Ward, wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, akazivunja zote mbili na kuwarudisha wote ndani ya Tetraponera. Sababu yake mtu yeyote wa Kivu anaielewa. Ukoo unahesabiwa kwa babu. Mjukuu akihamia Goma, akajenga ghorofa na kunenepa, hawezi kwa hiyo kuwa ukoo mpya, wala wajukuu waliobaki kijijini hawawezi kusema sisi ndio ukoo na yule si wetu. Ukimtoa, kinachobaki si ukoo tena, ni kipande. Ward aliona kwamba hawa wanene wa Barteria na Vitex ni wajukuu waliohama tu. Walitoka katikati ya Tetraponera wa kawaida, na unene wao ni matokeo ya nyumba waliyoingia.

Lakini kurudisha watu nyumbani hakumalizi kazi, kwa sababu ndani ya nyumba kuna vyumba. Mwaka 2006 Ward huyo huyo alitoa muhtasari wa Tetraponera wa Afrika, akiwagawa katika makundi ya spishi, na kundi moja, la ambigua, akalichambua spishi kwa spishi. Kundi la spishi si cheo rasmi kama jenasi. Ni kama kusema “wale wa mlango fulani” ndani ya ukoo: linamsaidia mtu kufanya kazi kwa hatua, bila kugombana na ukoo mzima kwa siku moja. Ili kulitaja kundi, lazima useme wazi alama ambazo wote wanazo na wengine hawana: umbo la taya, urefu wa nundu ya kiuno, nafasi ya macho, nywele za mgongo zipo au hakuna. Alama moja haitoshi. Mbili zinazokwenda pamoja kwa wafanyakazi na kwa malkia vilevile, hapo unaanza kusikilizwa.

Kwa nini wafanyakazi na malkia? Kwa sababu katika nyumba moja ya sisimizi watoto wa mama mmoja hawafanani. Kuna wakubwa kwa wadogo, wenye mabawa na wasio nayo. Wazee wa zamani walipokea kwa posta mfanyakazi kutoka Kongo mwezi wa tatu, na malkia kutoka Kamerun mwezi wa tisa, wakawapa majina mawili. Auguste Forel, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi ambaye sura yake iliwahi kuwekwa kwenye noti ya faranga 1,000 ya nchi yake, na Felix Santschi, daktari aliyekuwa akitibu watu Kairouan kule Tunisia, waliandika mamia ya majina namna hiyo. Rangi ikizidi kidogo, jina jipya. Mara nyingine mdudu mmoja alibeba majina manne kwa mstari: jenasi, spishi, spishi ndogo na aina. Siwalaumu sana, walikuwa na kibatari, kioo cha mkono na sisimizi wachache. Ila waliofuata walitumia karne nzima kufagia.

Majimoto ndiye aliyeteseka zaidi na rangi. Huyu, Oecophylla longinoda, alipewa jina na Mfaransa Latreille mwaka 1802. Kuna wa njano, kuna wekundu, kuna wa kahawia inayokaribia nyeusi, na kila rangi ilipata mtu wa kuipa jina. Leo Afrika nzima inahesabiwa spishi moja, na dunia nzima mbili tu: huyu wetu, na mwingine wa Asia na Australia. Jina majimoto ni la pwani ya Tanzania na Zanzibar, na aliyewahi kuumwa nao hahitaji kuelezwa limetoka wapi. Hawana mwiba. Wanauma kwa meno, kisha wanapulizia asidi kwenye kidonda. Kiota chao ni majani mabichi yaliyovutwa na kushonwa kwa uzi mweupe, na uzi huo hautoki kwa wakubwa. Wanashika mabuu yao mdomoni na kuwapitisha jani kwa jani kama mtu anavyotumia tyubu ya gundi.

Na hapa tunarudi shambani.

Wakulima wa China walikuwa wakiweka viota vya ndugu wa Asia kwenye michungwa yao zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Zanzibar, Mwingereza M. J. Way alichunguza minazi iliyokuwa ikiangusha nazi changa, na mwaka 1954 akaeleza maisha ya majimoto kwa urefu. Mnazi wenye majimoto ulikuwa salama, kwa sababu waliwafukuza kunguni wanaofyonza nazi changa. Kunguni mwenyewe akapewa jina la Way, Pseudotheraptus wayi. Lakini pale ambapo sisimizi wengine wa chini, wenye vichwa vikubwa, waliwashinda majimoto na kuwaondoa, mnazi ulibaki bila mlinzi. Vita hiyo ya sisimizi kwa sisimizi ndiyo iliyoamua mavuno.

Kwenye kakao mambo yako hivyo hivyo, na shule kubwa ilikuwa Ghana. Miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, watafiti kama Dennis Leston waliona kwamba shamba la kakao limegawanywa na sisimizi kama mitaa ya mji. Mti huu ni wa majimoto, mitano ile ni ya wengine, mpaka uko wazi na unalindwa. Waliita hali hiyo mkeka wa vipande. Wakati huo huo Barry Bolton, kijana wa London, alikuwa anaokota sisimizi katika mashamba hayo hayo ya Ghana. Aliporudi makumbusho alitoa mwaka 1973 mwongozo wa jenasi za Afrika Magharibi, mwaka 1974 akawapanga upya Cataulacus wote, na mwaka 1980 akafanya kazi kubwa juu ya Tetramorium wa Afrika. Yaani upangaji wa kisasa wa sisimizi wetu wa mitini umezaliwa chini ya mkakao. Sioni sababu ya mkulima wa Mbau au Bulongo kuona ni jambo la kigeni.

Basi juu ya mkakao unaweza kumtambua nani, bila maabara?

Majimoto tumeshamtaja: majani mabichi yameshonwa pamoja, miguu mirefu, anasimama akikutazama. Anawinda kunguni wa kakao, wale wanaofyonza matunda na machipukizi na kuacha madoa meusi. Anauma wavunaji, hilo ni kweli, tena anafuga baadhi ya wadudu wenye nta wanaotoa utamu. Kwa hesabu ya wengi faida inazidi, ingawa mvunaji mwenye shingo inayowaka ana ruhusa ya kupinga.

Wa pili ni mdogo, wa rangi ya njano au kahawia, mwenye miiba mgongoni. Kiota chake ni kama kitambaa cha nyuzi kilichobandikwa chini ya jani moja au kati ya majani mawili. Huyu ana mwiba wa kudunga, na anautumia bila kuulizwa. Ni Tetramorium aculeatum. Mwaustria Gustav Mayr alimweleza mwaka 1866, Wheeler akamtengea jenasi Macromischoides mwaka 1920, na Bolton akamrudisha Tetramorium. Ghana alionekana naye anapunguza kunguni. Ni mlinzi mkali asiyempenda mwenye shamba.

Wa tatu ndiye wa kuangalia kwa jicho la pekee. Ukimgusa anainua tumbo lake juu ya kichwa, na tumbo lina umbo la moyo lenye ncha. Ni Crematogaster. Kiuno chake kimeungana na tumbo kwa juu, si kwa mbele kama kwa wengine, ndiyo maana anaweza kulikunja hivyo. Alama hiyo moja inatosha kumjua popote duniani. Baadhi hujenga viota vyeusi kama karatasi ngumu kwenye matawi. Wengine hujenga vibanda vya udongo na takataka juu ya mashina na matunda, na ndani ya kibanda wanalinda wadudu weupe wenye nta, ambao wanawakamua utamu. Afrika Magharibi wadudu hao ndio wanaohamisha virusi vinavyovimbisha matawi ya mkakao mpaka unakufa. Tena H. C. Evans alionyesha kule Ghana mwaka 1973 kwamba udongo wa vibanda hivyo unapandisha kutoka chini ugonjwa wa kuoza kwa matunda, ule ambao wakulima wa Beni wanaujua kwa matunda kugeuka meusi wakati wa mvua.

Ila Crematogaster ni jina la mamia ya spishi, na si zote zina tabia hiyo. Jenasi hii ilikuwa imekatwa kwa vijenasi zaidi ya 10, mpaka Bonnie Blaimer mwaka 2012, akitumia chembe za urithi pamoja na umbo, akabakiza viwili. Kushuka chini, kwenye spishi za Afrika moja moja, kazi bado ni pori. Hapa ndipo jina linapogusa mfuko: maandishi ya Ghana yanataja striatula kwamba ni mbaya kwa kuoza kwa matunda. Je, yule wa shamba lako ni striatula, au ni ndugu yake asiyejenga vibanda? Bila mtu wa kumtambua, ushauri wa Ghana unabaki hewani.

Wa nne hana madhara. Ni mweusi, bapa, ngozi ngumu kama ganda la kobe, anatembea polepole juu ya gome, akishtuka anajibana na kubaki kimya. Cataulacus. Anakaa ndani ya vijiti vilivyokufa. Wale Tetraponera wembamba wa vijiti vikavu nao ni wapole, si kama binamu zao wa Barteria. Kuna hata mmoja, Melissotarsus, ambaye hutamwona kamwe: anaishi ndani ya gome la mti hai, katika vijia vyembamba, na miguu yake ya katikati imeelekea juu ili kusukuma dari. Ukimtoa nje na kumweka mezani, hawezi kutembea vizuri.

Butembo mambo ni tofauti. Mji uko juu ya mita 1,700, asubuhi ni baridi, na sisimizi wa mitini hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima. Tena milima imejaa mikaratusi, miti ya Australia ambayo haikukua pamoja na sisimizi wa hapa. Mwanafunzi anayetaka kuona tofauti ana bahati ya jiografia: kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 50 na zaidi kidogo, na kutoka Beni ukishuka Semliki, unapita hali za hewa tatu kwa siku moja ya pikipiki. Sehemu chache Afrika zina ngazi namna hiyo.

Shida ni kwamba ngazi hiyo haipandwi kwa amani. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika teritwari ya Beni yamewatoa watu mashambani, na mara nyingi wanaokatwa ni hao hao waliokwenda kuvuna. Kakao iliingia kwa nguvu baada ya ugonjwa wa kunyauka kuua kahawa ya robusta, na bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, shamba likawa mali ya kupiganiwa zaidi. Katika hali hiyo nani atakwenda msituni kuokota sisimizi? Kwa hiyo majina mengi ya wadudu wetu bado yanategemea vielelezo vya kabla ya uhuru. Sisimizi wa kwanza aliyepewa jina, yule ambaye wengine wote wanalinganishwa naye, amechomwa pini ndani ya droo ya Tervuren, New York, London, Geneva au Basel. Ukiwa na shaka juu ya mdudu wa Oicha, hakimu wako yuko Ulaya.

Hata hivyo mlango si wa chuma kama zamani. Picha za vielelezo vingi hivyo, zilizopigwa karibu sana kwa pande tatu, zinaonekana bure kwenye AntWeb, kazi ya Chuo cha Sayansi cha California, hata kwa simu ya mkononi mtandao ukikubali. Mwaka 2016 Brian Fisher na Bolton walitoa mwongozo wa jenasi zote za Afrika na Madagaska. Kisangani kuna Kituo cha Uchunguzi wa Bayoanuwai, ambacho kinatunza mikusanyo ndani ya nchi. Na Butembo Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kina kitivo cha kilimo, chenye wanafunzi ambao wazazi wao wana mikakao.

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Chupa ndogo yenye mfuniko mzuri na alkoholi ya dukani yenye nguvu, maana kanyanga haifiki kiwango na mdudu ataoza. Chukua wafanyakazi 10 hivi kutoka kiota kimoja, wakubwa kwa wadogo, na malkia akipatikana. Usichanganye viota viwili katika chupa moja, hilo ndilo kosa lililowasumbua wazee wa zamani. Halafu kipande cha karatasi ndani ya chupa, kimeandikwa kwa penseli kwa sababu wino wa kalamu unayeyuka: kijiji, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la mti, kiota kilikuwaje, na kama kulikuwa na wadudu weupe chini ya kibanda. Sisimizi asiye na karatasi hiyo, hata awe spishi mpya kabisa, hakuna makumbusho yatakayompokea.